Mwalimu Marudio na Wiki Sita za Kimya

Wanafunzi wa darasa la nne walimwita Mwalimu Marudio, na yeye alijua. Jina hilo alilisikia mara ya kwanza akipita nje ya dirisha la darasa, madaftari yamemjaa kifuani. Mtoto mmoja akapiga yowe ndani: "Kaeni, kaeni, Marudio huyo!" Hakukasirika. Kuna walimu waliopewa majina mabaya zaidi. Yule wa sayansi aliitwa Pua Kwanza, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, bega lake la kulia limeinuka kidogo kwa sababu ya mkoba alioubeba upande huohuo miaka nenda miaka rudi. Somo lake lilikuwa hesabu. Kila siku ya shule, kabla ya kufundisha jambo lolote jipya, aliandika maswali matano upande wa kushoto wa ubao, kwa mwandiko mkubwa wa duara. La kwanza lilikuwa la jana. La pili lilikuwa la wiki iliyopita, na la tatu la mwezi uliopita. La nne alilichota darasa la tatu, kwenye mambo ambayo watoto walidhani wameshayazika na matanga yakaisha. La tano lilikuwa habari fupi ya maneno: fundi ana mbao kadhaa, mpishi ana sahani kadhaa, zimebaki ngapi. Dakika ishirini, basi. Mvua inyeshe, mkaguzi aje, mtihani uwe kesho, maswali matano hayakukosa.

Mazoea hayo yalizaliwa na aibu. Mwaka wake wa pili kazini alifundisha kugawanya kwa mwezi mzima, watoto wakapata vizuri hadi akajigamba mbele ya wenzake kwenye chumba cha walimu. Ikaja likizo ndefu. Waliporudi aliwaandikia themanini na nne gawanya kwa nne, wakamkodolea macho kama watu wanaosomewa barua ya jirani. Darasa zima, waliopata ni watatu, na mmoja wao alikuwa amechungulia.

Jioni ile alikwenda kwa mama yake, ambaye alikuwa msusi, akamweleza yote huku machozi yakimlengalenga. Mama alimsikiliza bila kuinua macho, vidole vyake vikiwa ndani ya nywele za mteja.

"Mwanangu," alisema, "mimi nisiposuka wiki mbili, vidole vinapotea njia. Na hivi ni vidole vya miaka thelathini. Wewe unataka kichwa cha mtoto kikumbuke kitu ulichokionyesha ukaondoka?"

"Kweli kabisa," mteja akaitikia kutoka chini ya mikono yake, "na wewe usinivute."

Kesho yake maswali matano yakaanza. Tangu siku hiyo watoto wake hawakurudi tena na vichwa vitupu baada ya likizo, na yeye hakujigamba tena chumba cha walimu, ingawa sababu ya kujigamba sasa alikuwa nayo.

Alikuwa na chombo kimoja alichokitegemea kuliko chaki, nacho ni sauti yake. Ilikuwa sauti ya kufika getini. Aliuliza swali, mkono wa kwanza ukanyooka, jibu likatoka, na kabla halijapoa yeye alikuwa ameshapiga mbiu: "Sahihi! La pili!" au "Hapana, tazama tena, wewe nyuma!" Dakika ishirini zilikwenda mbio mbio, mikono juu, majibu hewani, darasa limechangamka kama sokoni asubuhi. Walimu wenzake wakipita nje walisema, huyu mama anajua kazi. Na yeye, akitoka pale kijasho chembamba usoni, alisema vivyo hivyo moyoni.

Mwaka aliotimiza hamsini na mmoja, muhula wa pili, sauti ilianza kukwaruza. Alidhani ni mafua. Akanywa maji ya moto, akanywa asali, akaendelea kupiga mbiu. Wiki ya tatu alifungua kinywa kuita mahudhurio, ikatoka hewa peke yake.

Daktari wa masikio na koo alimwingiza kimrija chenye taa puani, akaangalia, akavua glovu taratibu.

"Una vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, mama. Vidogo, kama punje za mchele. Unafanya kazi gani?"

"Mwalimu," alijaribu kusema, na ikatoka kama mlango unaohitaji mafuta.

"Nilijua. Sasa nisikilize vizuri. Wiki sita usiseme neno. Usiongee, usiimbe, na usinong'one, maana kunong'ona kunaumiza zaidi. Vikikubali vitanywea vyenyewe. Ukikaidi, tutaingia na kisu, na hapo sikuahidi kitu."

Nyumbani mume wake, fundi wa majokofu na vyombo vya umeme, alisoma cheti cha daktari mara mbili, akakikunja.

"Pole, mke wangu," alisema. Kisha: "Nilikuwa nasema juzi kwamba lile bati la jikoni..." Akanyamaza, akasubiri. Akatazama kushoto na kulia. "Ajabu. Miaka ishirini na sita ya ndoa, leo ndiyo nimefika katikati ya sentensi na hakuna aliyenimalizia."

Mke akamrushia mto. Lakini alicheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, na mume naye akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akaingia chumbani, akatoka na kijitabu cha kuandikia oda za wateja, kipya, chenye kamba. "Vaa shingoni. Ukinitukana, andika vizuri nisome."

*

Asubuhi iliyofuata alikuwa mbele ya meza ya mwalimu mkuu. Huyu alikuwa mwanaume mrefu, mwema, mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kwa uzi, na kitu kimoja tu kilichomnyima usingizi: makaratasi kutoka ofisi za juu. Aliisoma barua ya daktari akaanza kukuna kidevu.

"Mama, pumzika nyumbani. Mbadala sina, nimeshauliza. Kwa hiyo nitakachofanya, darasa lako naligawa. Nusu waende mkondo wa pili, nusu mkondo wa tatu. Watabanana, lakini watafanyaje."

Alijua maana yake. Mikondo ile kila mmoja ulikuwa na watoto zaidi ya hamsini. Wake hamsini na wawili wangekaa sakafuni, wiki sita, wakitazama visogo vya wenzao. Na hapo katikati, maswali matano yangekufa, na kila kilichojengwa tangu mwanzo wa mwaka kingeanza kuvuja.

Akafungua kijitabu, akaandika, akakigeuza juu ya meza: *Nipe siku tatu. Siku ya tatu njoo uone. Usiporidhika, gawa.*

"Utafundishaje bila kusema?"

Akaandika: *Watasema wao.*

Mwalimu mkuu alivua miwani. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka saba, na siku alipopewa cheo, mama huyu ndiye aliyemwonyesha faili gani liko wapi. "Siku tatu," alisema. "Zikipita, tusilaumiane."

Alitoka ofisini kichwa juu. Njiani kuelekea darasani, mwenyewe alijiuliza watasema nini hasa.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Aliandika ubaoni: *Sina sauti kwa wiki sita. Masikio ninayo.* Watoto walisoma kwa pamoja, wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza walipoona hatanii. Akaandika maswali matano. Akanyoosha chaki mbele, atakaye aichukue. Wakaruka kumi na wawili. Wawili waligongana vichwa, mmoja akalia, mwingine akamcheka. Swali la kwanza tu liliwala nusu saa.

Ndipo akamnyooshea kidole mvulana wa dawati la tatu, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Mwaka mzima alikuwa akimwambia anyamaze. Sasa alimsimamisha karibu na ubao na kumwandikia kwenye kijitabu: *Wewe soma swali kwa sauti. Kisha ita jina la mtu. Usijibu wewe mpaka nikupe chaki.* Redio akajitazama kama mtu aliyekabidhiwa funguo za mji. Akakohoa. Akasoma swali la pili kwa sauti ya mtangazaji wa habari, na darasa likatulia. Siku ile walifika swali la nne. Haikuwa mbaya, lakini siku zilikuwa tatu tu.

Siku ya pili ndiyo iliyomgeuza.

Swali la tatu lilikuwa mia nne na mbili kutoa mia moja sabini na nane. Redio alikuwa amesubiri zamu yake tangu jana, akanyoosha mkono hadi karibu bega limtoke. Mwalimu akampa chaki. Akaandika haraka: mia tatu sabini na sita. Akageuka kwa darasa akiwa amepanua kifua.

"Sahihi?" akauliza.

"Sahiiihi!" darasa likaitikia.

Halikuwa sahihi. Redio, kila alipokuta namba ndogo juu na kubwa chini, alikuwa amezipindua tu: nane kutoa mbili, saba kutoa sifuri. Ni kosa la zamani kama ubao wenyewe. Siku nyingine yoyote Mwalimu Marudio angepaaza sauti kabla chaki haijaondoka ubaoni: hapana, tazama tena, kopa kwa jirani! Na wangetazama tena, na wangekopa, na mbio zingeendelea.

Leo koo lilisogea, neno halikutoka. Alisimama pale mikono nyuma. Hakutikisa kichwa, hakukunja uso. Watoto wakamtazama wapate ishara, wakakuta hakuna. Mtu akaangusha rula. Redio akalitazama jibu lake, akalitazama tena, kifua kikaanza kupungua.

Kisha kutoka safu ya dirishani, kwa sauti ndogo ya kukwangua: "Mimi nimepata nyingine."

Alikuwa msichana waliyemwita Kifutio. Mwembamba, mpole, wa kukaa pembeni, na daftari lake lilikuwa na matundu, kwa sababu alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu Marudio alimjua, au alidhani anamjua. Katika orodha ya watoto wa kurudia darasa, aliyoiandaa mwezi uliopita kwa penseli, jina la Kifutio lilikuwa la pili.

Mwalimu akamnyooshea chaki. Msichana hakuja. Mwalimu akatembea mpaka dirishani, akaiweka kiganjani mwake, akarudi nyuma ya darasa, akakaa kwenye dawati kama mwanafunzi.

Kifutio akaenda ubaoni kama anayekanyaga matope. Akaandika: mia mbili ishirini na nne.

Minong'ono. "Hapana!" "Redio kapata!" "Mwache aseme!"

"Umejuaje?" Redio mwenyewe akauliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua.

"Nimejumlisha kurudi nyuma," Kifutio akasema, akiutazama ubao, si watu. "Kama umetoa mia moja sabini na nane, ukiirudisha lazima upate ulichokuwa nacho. Yako, mia tatu sabini na sita, ukirudisha inakuwa mia tano hamsini na nne. Ni nyingi kuliko tulizoanza nazo. Haiwezekani kutoa kitu, ukakirudisha, halafu ukawa na zaidi." Akaandika hesabu chini yake, akikopa na kubeba, kila namba mahali pake. "Hii ukirudisha inakuwa mia nne na mbili."

Darasa zima likainamia madaftari. Penseli zikakwaruza. Mmoja akasema "alaa!", mwingine akasema "alaa!", ikawa alaa huku na alaa kule, kama vyura baada ya mvua. Redio akachukua kitambaa akafuta jibu lake mwenyewe.

"Kumbe mimi nilizipindua," alisema. "Mwaka mzima nimezipindua!"

Mwalimu Marudio alikuwa ameshika ukingo wa dawati. Alifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na mwiba.

Mchana, watoto walipokwenda, alitafuta daftari la Kifutio kwenye rundo. Akalifungua dirishani, ukurasa mmoja mmoja, akiuinua dhidi ya mwanga. Penseli hufutwa, lakini alama ya ncha hubaki kwenye karatasi. Chini ya majibu yaliyoandikwa, yale majibu ya darasa, aliona majibu mengine, yamefutwa yakaacha vijia vyeupe. Akayasoma kwa taabu, akiyafuata kwa ukucha. Tarehe tatu: jibu la chini ni sahihi, la juu si sahihi. Tarehe tano, vivyo hivyo. Tarehe tisa yote mawili sahihi, lakini la kwanza limefutwa na kuandikwa upya namba ileile.

Alikaa chini. Akaelewa yote kana kwamba ameandikiwa barua. Mtoto huyu alifikiri polepole, kwa njia yake. Kabla hajamaliza, mkono wa kwanza ulikuwa juu, jibu limetoka, mwalimu amepiga mbiu na kwenda mbele. Akawa anafuta lake ili afanane na wengine. Na mara nyingine jibu walilolipiga mbiu lilikuwa limesikika vibaya katika kelele ile, naye akaandika kosa juu ya jibu lake lililokuwa sahihi. Ilikuwa hivyo asubuhi mia moja na zaidi. Na yeye mwalimu, kwa zile dakika ishirini alizojivunia, ndiye aliyemfundisha kufuta.

Hakulia safari hii. Alitoa orodha mkobani, akafuta jina la pili. Kisha akaketi akatazama majina mengine tisa, na akaona kwamba hata hayo hajui kwa nini ameyaandika. Akaikunja orodha yote, akaitia kwenye ndoo ya taka.

*

Siku ya tatu mwalimu mkuu alikuja kabla ya kengele, akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakimfika kidevuni.

Ubao ulikuwa na jambo jipya. Pembeni ya maswali matano, Mwalimu Marudio alikuwa ameandika maagizo mafupi: *Dakika nane, kila mtu peke yake, hakuna kunyoosha mkono. Usifute jibu la kwanza, lipige mstari mmoja tu. Kisha majibu yote ubaoni, hata yasiyofanana. Kisha tuulizane: umejuaje?*

Dakika nane zilipita kimya. Mwalimu mkuu alitazama saa mara mbili. Hakuwahi kusikia darasa la nne likiwa kimya namna ile bila fimbo wala kitisho. Halafu Redio akasimama, akasoma, akaita. Swali la pili lilileta majibu matatu tofauti, yakapangwa ubaoni kama washtakiwa. Watoto wakayahoji. Wakaangusha moja, wakaangusha la pili, aliyekosea akaeleza mwenyewe alipoteleza, wala hakuna aliyemcheka. Mwalimu Marudio alitembea katikati ya safu, akipiga kidole kwenye daftari hapa, akiweka tiki pale. Hakuna aliyemtazama mgeni.

Mgeni ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akainuka, akaomba chaki, akaandika swali lake mwenyewe: elfu moja kutoa mia sita thelathini na saba.

Dakika zikapita. Redio akaita majina, na kila aliyeitwa akasema mia tatu sitini na tatu. Wanne, watano.

Mwalimu mkuu akakunja uso. "Hapana, nadhani ni mia tatu *sabini* na tatu." Alikuwa amepiga kwa kichwa, akiwa anafikiria pia makaratasi.

Kumwambia mwalimu mkuu amekosea si jambo dogo. Wakamtazama Mwalimu Marudio. Akatazama dari.

Mkono mwembamba ukainuka dirishani.

"Samahani, mwalimu," Kifutio akasema. Sauti ilitetemeka, lakini ilikuja. "Umejuaje?"

Mtu mmoja akavuta pumzi kwa nguvu. Mwalimu mkuu akavaa miwani. Akasogea ubaoni, akaandika mia tatu sabini na tatu, chini yake mia sita thelathini na saba, akaanza kujumlisha kwa sauti: saba na tatu, kumi, andika sifuri, beba moja. Tatu na saba na moja, kumi na moja... Akasimama.

"Elfu moja na kumi," alisema. Akageuka. "Nimewazidishia kumi kutoka mfukoni kwangu."

Darasa lilipasuka kwa kicheko, naye akacheka kuliko wote, miwani ikicheza kwenye uzi. Alipofika mlangoni alimwinamia Mwalimu Marudio.

"Sigawi," alisema chini. "Lakini mama, tafadhali, usiwafundishe kuja na swali hilo ofisini kwangu."

*

Wiki zilizobaki hazikuwa za asali. Wiki ya tatu alipata mafua ya kweli na kukohoa kukamtisha. Kuna asubuhi ambayo watoto walibishana juu ya robo na nusu mpaka kipindi kikaisha na swali la nne halijaguswa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile aliliacha, akaliandika kesho yake. Dunia haikuanguka.

Siku moja alimkuta mama yake Kifutio akimsubiri mlangoni, aproni ya kazini bado kiunoni. Alikuwa mfua nguo wa hospitali. Mwalimu akadhani amekuja kulalamika. Na kweli alikuwa amekuja kulalamika.

"Mwalimu, pole na koo. Nimekuja kuuliza, mmempa nini mwanangu? Zamani nikimtuma anakwenda. Sasa namwambia chakula kimeiva, ananiuliza, mama, umejuaje? Namwambia baba yako amechelewa kazini, umejuaje? Jana bibi yake kamwambia yeye anafanana na shangazi yake, kamuuliza bibi ushahidi!"

Mwalimu Marudio alishika mdomo kwa mikono miwili asije akatoa sauti. Mama mtu akavumilia kidogo, naye akaanza kucheka. Kisha akaacha. Akashika kona ya aproni.

"Mwalimu wa mwaka jana aliniambia huyu ni mzito. Nikaamini, mwalimu. Mimi mzazi wake, nikaamini."

Mwalimu akafungua kijitabu. Aliandika kwa muda mrefu kidogo, akakata, akaandika tena, akampa: *Hata mimi niliamini. Tulikosea wote wawili. Hesabu zake zilikuwa sahihi tangu mwanzo.*

Mama mtu aliisoma, akaomba aichane karatasi ile aende nayo. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya gauni, upande wa moyo.

Mwisho wa wiki ya sita daktari aliingiza kimrija chake, akakizungusha, akakitoa.

"Vimenywea. Kimoja kimebaki alama tu. Haya, sema kitu."

Alikuwa amefikiria neno hilo la kwanza kwa siku nyingi, akapanga shukrani nzuri. Kilichotoka, kwa sauti nzito ngeni iliyoshuka nusu ngazi, kilikuwa: "Umejuaje?"

Daktari akamgeuzia kioo cha mashine yake ili aone mwenyewe.

Jumatatu aliingia darasani na kusema "Habari za asubuhi," na watoto hamsini na wawili wakapiga kelele ambazo zilimleta mlinzi kutoka getini. Alifundisha somo jipya kwa mdomo, akihesabu maneno kama alivyoagizwa. Lakini dakika ishirini za mwanzo hakusema kitu. Walimwuliza kama bado anaumwa. "Siumwi," akasema. "Nasikiliza."

Mtihani wa mwisho wa mwaka Kifutio hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa kumi na nne. Wa kwanza alikuwa mtoto yuleyule wa kila mwaka. Redio alipanda nafasi tisa, akaacha kupindua namba, hakuacha kuongea. Wale wengine tisa wa orodha ya penseli, saba walivuka vizuri. Wawili walirudia, na Mwalimu Marudio aliwaendea wazazi wao mwenyewe kuwaeleza kwa nini, kwa majibu na tarehe.

Kwenye kikao cha walimu, mwalimu mkuu alimsimamisha aeleze mbinu yake. Alisema maneno machache sana. Wapo waliochukua, wapo waliosema muhtasari wa masomo hauruhusu kupoteza dakika ishirini. Pua Kwanza alijaribu wiki mbili kwenye sayansi, akaacha, kisha muhula uliofuata akarudi tena kimyakimya, akijifanya ni wazo lake. Mwalimu Marudio hakumsahihisha.

Alifundisha miaka minane zaidi kabla ya kustaafu. Sauti haikurudi kamwe kufika getini. Iliishia mlango wa darasa, na hapo ilitosha. Mume wake alisema nyumbani nako amebadilika, siku hizi anamsubiri mtu amalize. Alipoulizwa kama anaipenda hali hiyo, fundi wa majokofu alifikiri kwa muda, bisibisi mkononi.

"Naipenda," alisema. "Tatizo ni kwamba sasa inabidi niwe na la kusema."